Naenda kuona filamu ya Lawrence of Arabia ya milimita 70 kule Chicago, nikae kiti cha wapi na nijiandae vipi?

BintiOpereta (Kampala)

Habari zenu humu ndani. Mwezi ujao Mungu akijalia nasafiri kwenda Chicago kumsalimia kaka yangu, ntakaa kama wiki tatu hivi, na katika mambo yote aliyonipangia kuna moja limeniondolea usingizi kabisa. Amenikatia tiketi ya filamu ya Lawrence of Arabia kwenye ukumbi wa sinema wa Music Box Theatre, na sio ya dijitali, ni mkanda wenyewe wa milimita 70 unaopita kwenye projekta.

Niwaeleze kwa nini nalichukulia kwa uzito. Mzee wetu alikuwa opereta msaidizi kwenye ukumbi mmoja wa sinema hapa Kampala mwanzoni mwa miaka ya sabini, kabla hajaenda kutafuta maisha Jinja. Mpaka leo hasemi filamu, anasema picha. Na kila akianza hadithi za ile kazi lazima afike pale pale, kwamba walikuwa na mashine za 35 tu na ile kubwa ya 70 alikuwa anaisikia tu kwa watu waliotoka nje. Sasa ana miaka 78 na hawezi safari ya ndege ndefu vile, kwa hiyo mi naenda kwa niaba yake, ndo navyojisikia.

Tatizo ni kwamba mi mwenyewe nimekulia kwenye kibanda cha video. Benchi la mbao, madirisha yamezibwa na magunia, VJ anatafsiri Kiluganda juu ya sauti na watu wote wanajibizana naye. Hiyo ndo sinema niliyoipenda na naipenda bado. Hii Lawrence nilijaribu kuiangalia kwenye simu nikaona mchanga, ngamia, mchanga tena, nikaiacha baada ya saa moja. Sasa naogopa nisije nikakaa mle ndani karibu masaa manne nikatoka sina cha kumwambia mzee. Wenye uzoefu naomba mnisaidie, kiti kizuri ni cha wapi, kuna mapumziko, na kweli kuna tofauti ya kuonekana kwa macho au ni maneno ya wapenzi tu?

Kijana_Arua

Dada hongera sana, hiyo tiketi usiichezee. Mi nilisoma Bradford kule Uingereza na pale kuna ukumbi unaitwa Pictureville, niliona picha za milimita 70 mara tatu, na nikuambie bila kuongeza chumvi, mara ya kwanza niliyoona ile picha inayoitwa 2001: A Space Odyssey sikumbuki kama nilipepesa macho.

Tofauti ipo na inaonekana. Fremu moja ya 70, yaani kipicha kimoja kwenye mkanda, upana wake ni zaidi ya mara mbili ya fremu ya 35, kwa hiyo taa inapoitupa kwenye skrini kubwa haihitaji kuivuta sana, vitu vya mbali vinabaki na ncha zake, unaona mshono wa kitambaa, unaona vumbi liko mbele na lingine liko nyuma. Kamera inapigia mkanda wa 65, halafu ule wa kuonyesha ndo unakuwa 70, ile nafasi iliyoongezeka zamani ilikuwa ya kuwekea saundi ya sumaku, njia sita. Siku hizi kopi mpya nyingi saundi yake inatoka kwenye diski inayoenda sambamba na mkanda.

Kuhusu kiti, usikae nyuma! Watu wengi wana tabia ya kukimbilia nyuma kama kwenye basi. Picha ya 70 inataka ikujae machoni. Music Box ilifunguliwa 1929, huo upana ulikuja miaka ya hamsini, kwa hiyo jengo halikujengwa kwa ajili ya skrini za namna hiyo, ukikaa nyuma unapoteza kile ulichokifuata. Kaa katikati, safu za mbele kidogo ya nusu. Mapumziko yapo ndio, yamo kwenye picha yenyewe tangu ilipotoka 1962, ila kabla ya kuingia usinywe soda nyingi.

Na ukifika wahi, angalia dari. Dari ya Music Box imefanywa kama anga ya usiku, kuna nyota zinametameta na mawingu yanatembea. Saa ingine wanapiga kinanda kile kikubwa kabla ya picha.

Mkaaji_wa_Busia

Naomba kuuliza kwa nia njema kabisa sio kupinga. Hii picha si ilishatengenezwa upya kwa 4K, ile dijitali ya picha safi sana? Nimeiona kwenye tivi kubwa ya shemeji yangu, safi, haina mkwaruzo hata mmoja. Sasa mtu aende mpaka Chicago kuangalia mkanda ambao pengine una mikwaruzo na unatikisika, faida yake iko wapi?

Kijana_Arua

Swali lako ni la haki kaka. Ni kweli walifanya, ile kazi ya kuadhimisha miaka 50 ya picha iliyotoka 2012, na walichukua ule mkanda asili wa 65 wakauskani kwa 8K, ambayo ni safi zaidi ya 4K. Jiulize kwa nini walihitaji 8K kwa kitu cha 1962. Ni kwa sababu habari zote hizo zilikuwemo tayari kwenye mkanda. Sisemi dijitali mbaya, kwenye tivi ndo njia pekee. Ila tivi ya shemeji yako unaiangalia, ile skrini inakuzunguka, na kuna watu mia kadhaa wamenyamaza pamoja na wewe.

Moja la kuchunguza tu dada, mwambie kaka yako aulize kopi ni ya lini. Kopi za rangi za miaka ya sitini na sabini nyingi zimepauka zimekuwa za pinki, hata iwe 70 hutaona jangwa utaona juisi. Lawrence ilikatwa katwa baada ya kutoka, ikafanyiwa matengenezo makubwa 1989 na mwongozaji wake David Lean mwenyewe akiwepo, kopi za kuanzia hapo rangi zake zimetulia.

Mzee_Projekta

Mwanangu BintiOpereta, nimesoma habari ya baba yako nikaweka miwani chini kwanza. Mimi pia nilifanya hiyo kazi, sio Kampala, nilianza nikiwa kijana wa kubeba rili, yale magurudumu yanayozungushiwa mkanda, nikaishia opereta kamili. Msalimie sana.

Hao vijana wamekueleza mambo ya kiti na rangi, mimi nikueleze ya kule nyuma ya ukuta, kwa sababu ndiko baba yako alikokuwa. Nakuomba usiku huo usiwe mtazamaji peke yake, uwe na jicho la opereta pia.

Taa zikizimika utasikia muziki na skrini haina picha, kitu kama dakika nne. Watu wasiojua watafikiri mashine imekwama. Haijakwama, huo ni utangulizi, ndivyo walivyoutengeneza, kaa usikilize maana ni wa mtunzi Maurice Jarre na ndani yake jangwa lote limeshawekwa. Opereta mzuri anajua saa ya kupunguza taa taratibu ili muziki uishe watu wakiwa gizani.

Halafu angalia pembe ya juu kulia ya skrini. Kila rili inapokaribia kwisha itatokea alama ndogo ya duara, inapita haraka mno. Ile ya kwanza ni ya kuwasha mota ya mashine ya pili. Zinapita sekunde kama saba, inakuja ya pili, hapo ndo unabadilisha, mashine moja inafunga jicho nyingine inafungua. Hizo sekunde saba mwanangu ndo kazi yetu yote ilipokuwa. Ukichelewa skrini inakuwa nyeupe na ukumbi mzima unakupigia miluzi, ukiwahi umekula maneno ya mtu. Sisi tulikuwa bado na taa za kaboni, vijiti viwili vinaungua vikitazamana, vinaliwa kama mshumaa, kwa hiyo jicho moja liko kwenye kijiti lingine liko kwenye kidirisha unasubiri alama. Joto la mle ndani nisikuambie. Kumbi zinazopewa mikanda ya thamani mpaka leo zinatumia mashine mbili, kwa sababu wenye mikanda hawakubali ikatwe na kuunganishwa kuwa rili moja kubwa.

Na uelewe wingi wa mkanda wenyewe. Wa 70 unakula futi 112 na nusu kwa dakika. Picha ya masaa matatu na dakika arobaini ni karibu kilomita saba na nusu za mkanda, chukulia kutoka katikati ya Kampala hadi Ntinda hivi, na kila inchi yake inapita kwenye kigeti kidogo mbele ya taa bila kukatika. Mtu ameshika hiyo kazi usiku mzima na hakuna anayemwona.

Inaniuma kwamba hapa kwetu hakuna tena pa kukuonyesha hayo. Ukumbi wa sinema wa Norman pale mjini sasa ni kanisa, linaitwa Watoto Church, imekuwa kanisa tangu miaka ya themanini, na silaumu waumini, angalau jengo lilipata watu wa kulijaza. Ila mashine za zile kumbi zetu sijui ngapi ziliuzwa kama chuma chakavu. Moja niliiona kwa macho yangu, lenzi yake mtoto anachezea.

Ukirudi tuandikie.

Mkaaji_wa_Busia

Mzee asante, hapo kwenye sekunde saba nimeelewa. Dada nenda, tunasubiri.

BintiOpereta

Nimerudi wapendwa, samahani nimechelewa, nilifika Entebbe nikapitiliza moja kwa moja Jinja kwa mzee kwanza.

Nianze na dari maana Kijana_Arua ulisema kweli. Tuliingia mapema, nikainua kichwa, nyota zinawaka wingu linapita, mi nikakaa hivyo hivyo shingo nyuma mpaka kaka yangu akanigusa kwamba watu wanataka kupita. Kopi ilikuwa nzuri, haijapauka. Tulikaa safu ya saba katikati. Utangulizi ulipoanza kuna watu walikuwa bado wanafungua bisi zao, halafu polepole kelele zikaisha zenyewe, hakuna aliyewaambia. Mi niliyezoea VJ kunishika mkono kwenye kila neno nilifikiri kimya kile kitanichosha. Hapana. Nilikuwa nasikia pumzi za watu.

Sasa ile sehemu ambayo nimeieleza Jinja mara mbili kwa sababu mzee aliomba irudiwe. Kuna kisima jangwani, Lawrence na mtu anayemwongoza wamekaa pale, na kule mbali kabisa ambako mchanga na anga vinaungana kunatokea kitu. Kwenye simu yangu mi sikukiona hiki kitu, nawaapia, niliona skrini tupu na watu wawili wanaangalia tupu, ndo maana niliboreka. Kumbe kuna nukta. Nyeusi, ndogo kama mbegu ya bizari, inacheza juu ya joto kama inaelea kwenye maji. Haikui haraka. Inakaa, inatetemeka, inakuwa mbili, inarudi kuwa moja, na wewe na wale wawili kisimani mnaiangalia pamoja na hakuna anayejua ni adui au nani, na ukumbi mzima umeegemea mbele. Ni mwigizaji Omar Sharif juu ya ngamia. Dakika nzima na zaidi mtu anakuja tu, na moyo wangu ulikuwa unagonga kuliko kwenye picha yoyote ya mabomu. Nilisoma baadaye kwamba walitafuta lenzi maalum ya milimita 482 kwa ajili ya hiyo sehemu peke yake. Basi ndo jibu langu kwako Mkaaji_wa_Busia, hiyo nukta ndo nililipia nauli.

Na ile ya kiberiti, Lawrence anapuliza moto uzimike na hapo hapo unakuta jangwa alfajiri, wekundu umejaa skrini na jua halijatoka, unasubiri, halafu linachungulia. Kaka yangu ni fundi wa umeme sio mtu wa kulia, nilimwona anapangusa jicho.

Mzee_Projekta, alama nimeziona! Pembe ya juu kulia kama ulivyosema. Mbili za kwanza nilihesabu saba kwa midomo na ikabadilika bila hata kutikisika, baada ya hapo picha ilinichukua nikasahau kuhesabu mpaka mapumziko. Kipindi cha pili niliona moja tu.

Picha ilipoisha kaka yangu alienda kumwomba opereta, akamweleza habari za baba, na yule bwana akakubali tupande dakika chache, nikapiga picha za mashine kwa simu. Hizo ndo nilizompelekea mzee. Alivaa miwani, akaikuza ile picha kwa vidole viwili, hakusema kitu muda mrefu, halafu akaanza kuonyesha. Hapa rili ya juu. Hapa lenzi. Hii taa sio kama yetu. Alipofika kwenye geti akasimama, akasema hapa tulikuwa tunapasafisha kwa mswaki kila baada ya rili, uchafu ukikaa unakwaruza, akaniuliza wao siku hizi wanasafisha na nini.

Sikuuliza hilo. Nimemwandikia kaka yangu arudi pale akaulize.