Beji ya buibui, Divisheni ya 81: kichwa juu au chini?

Swali: Wakuu, natengeneza nakala ya beji ya begani ya Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi, kikosi cha jeshi la Waingereza kilichopigana Burma (Myanmar ya leo) 1944. Buibui mweusi, duara la njano. Kichwa kielekee wapi?

Jibu: Chini, mkuu. Askari akiinua bunduki kulenga, mkono unanyooka mbele na buibui anaonekana akimwendea adui. Ukimgeuza anakuwa anakimbia vita!

Jibu: Huyo ni Anansi wa ngano za Waakan wa Ghana na Ivory Coast, mdogo anayeshinda wakubwa kwa ujanja, kama Sungura wetu. Usimchore dubwana. Miguu minane iachane vizuri. Uzi mnene huiunganisha ikawa doa tu. Bana kwa pini kwanza, vaa, inua mkono, ndipo ushone.