Mjadala: Kaka amerudia sigara kwa kuogopa "mapafu ya bisi". Nani alaumiwe?

Mnyamwezi Asilia (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linanikera tangu Jumapili. Mnisahihishe nikiteleza.

Kaka yangu yuko Leicester, Uingereza, mwaka wa kumi na sita huu. Sigara alianza tukiwa bado shule. Miaka mitatu iliyopita akahamia vepu (sigara ya kielektroniki), na kile kikohozi chake cha alfajiri, cha kushika kwanza ukingo wa sinki ndipo aweze kuongea, kikamwacha. Mwezi uliopita shangazi akarusha sauti ya dakika nne kwenye kundi la familia. Daktari mmoja (nani, wa wapi, hajui mtu) anasema vepu inageuza mapafu kuwa bisi, vijana wa Marekani wamekufa kwa maelfu, heri hata sigara iliyozoeleka. Kaka akaitupa vepu yake. Jumapili nampigia simu ya video, yuko kibarazani na sigara mkononi, ananiambia, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha, mdogo wangu."

Zimwi hilo, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, linaua hadi nusu ya wasioliacha.

Nimekaa nikaifuatilia ile sauti. Imeshona visa viwili visivyojuana.

Cha kwanza ni hizo bisi. Mwaka 2000 huko Jasper, Missouri, watu wanane waliowahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha bisi za maikrowevu waligundulika na makovu kwenye vijitawi vidogo kabisa vya njia ya hewa. Walikuwa wakivuta mvuke wa diasetili, ile ladha ya siagi, kutoka kwenye mapipa ya moto, siku nenda siku rudi. Mwaka 2015 watafiti wa Harvard wakapima vepu za ladha 51, wakaikuta diasetili kwenye 39. Hapo ndipo jina lilipohamia kwenye vepu. Ila moshi wa sigara una diasetili hiyo hiyo, tena nyingi zaidi kwa mbali, na hakuna anayesema mvuta sigara ana mapafu ya bisi. Kaka yuko Uingereza, ambako diasetili imekatazwa kwenye maji ya vepu yenye nikotini tangu 2016.

Cha pili ndicho kizito. Kiangazi cha 2019 hospitali za Wisconsin na Illinois zilianza kupokea vijana wenye afya zao wanaoshindwa kuvuta pumzi. Mpaka Februari 2020 mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ilikuwa imehesabu wagonjwa 2,807, kati yao waliofariki 68. Siwadogoshi hao 68. Lakini walipochukua majimaji kutoka mapafu ya wagonjwa 51, kwa 48 walikuta asetati ya vitamini E. Hayo ni mafuta. Ukiyala au ukijipaka hayana neno. Wauza bangi wa uchochoroni walikuwa wanayatia kwenye mafuta ya bangi ili yaongezeke na bado yaonekane mazito, kama yule muuza maziwa anayetia maji halafu akatia na unga ili usishtuke. Asilimia 82 ya wagonjwa walioulizwa walikiri kuvuta bidhaa za bangi.

Ugonjwa ukapewa jina lenye neno vepu, magazeti yakaandika vepu, shangazi akasikia vepu.

Na si shangazi peke yake. Huko Uingereza mwaka 2014 wavuta sigara 44 kati ya 100 walijua kwamba vepu ina madhara madogo kuliko sigara. Mwaka 2023 wamebaki 27. Utafiti unaongezeka, wanaojua wanapungua. Nasema wazi: uongo huu unarudisha watu kwenye sigara, na anayeueneza, hata kwa nia njema, ana deni. Karibuni.

Jasho la Mnyonge

Mkuu, umelipwa shilingi ngapi? Mwishoni mwa 2018 Altria, wenye Marlboro ya Marekani, walinunua asilimia 35 ya Juul, kampuni ya vepu, kwa dola bilioni 12.8. Zimwi lako limebadili kanzu tu.

Na ile asilimia 95 mnayopenda kuiimba, kwamba vepu ina unafuu wa asilimia 95 kuliko sigara, ilitoka kwenye kikao cha wataalamu wachache waliokadiria kwa vichwa vyao. Idara ya afya ya umma ya Uingereza ikaibeba mwaka 2015, jarida la tiba la Lancet likawasema hadharani.

Mnyamwezi Asilia

Sijalipwa, ningekuwa nimemaliza nyumba. Ndiyo maana hiyo 95 sijaitaja, rudi usome. Ni makadirio, hilo nakubali. Ila huhitaji namba hiyo kujua kwamba kuchoma majani na kupasha maji ni vitu viwili. Anayechoma anavuta lami na kaboni monoksidi. Kwenye vepu hakuna kinachoungua.

Nesi wa Zamu

Naomba niingie hapo kwenye "kupasha maji", maana uongo wa pili unaanzia hapo, nao unasemwa na wavuta vepu wenyewe. Wananiambia, "Nesi, ni mvuke tu, kama kujifukiza." Kile si mvuke wa maji. Ni ukungu wa matone madogo sana ya vimiminika viitwavyo glisirini na propilini glikoli, pamoja na ladha na nikotini, na waya wa kupashia ukichakaa au ukipata moto kupita kiasi unaacha chembe za metali za nikeli na kromiamu, na formaldehidi, kemikali yenye sumu, inaweza kutengenezwa. Ladha ya embe imepimwa kwa ajili ya kuliwa. Tumbo lina asidi na ini liko nyuma yake. Pafu lina ngozi nyembamba kuliko karatasi ya sigara na baada yake ni damu.

Pia mleta mada, hukumaliza kuhesabu. Kati ya wagonjwa wale wale wa 2019, asilimia 14 walisema walivuta nikotini peke yake. Wengine huenda walificha bangi, naelewa, mgonjwa anaficha hata pombe. Lakini CDC haikufunga mlango, ilisema kemikali nyingine haziwezi kuondolewa kwenye lawama. Na Ontario, Kanada, mwaka huo huo, kijana wa miaka 17 alifikia kuwekewa mashine ya kumpumulia, madaktari wakaandika kwamba jeraha lake linafanana na la wale wa kiwanda cha bisi. Yeye alikuwa anatia na bangi. Mgonjwa mmoja hajengi kanuni, ila usiseme kisa hakipo.

Kubwa zaidi ni muda. Vepu ya kisasa ilibuniwa na mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003. Mapafu yanayoziba kwa sababu ya sigara huchukua miaka ishirini, thelathini kujionyesha. Wavuta vepu wengi hawajafika huko. Ukiniuliza kaka yako achague lipi kati ya hayo mawili leo, nitamwambia vepu, bila kupepesa, halafu apunguze nikotini kidogo kidogo mpaka aiache nayo. Ukiniuliza ni salama, nitakwambia hapana.

Mnyamwezi Asilia

Nimeipokea, dada. Hilo la asilimia 14 nililiona nikaliruka kwa sababu lilikuwa linaniharibia uzi. Kosa langu.

Hata hivyo kuna jaribio la Uingereza lililotoka 2019, watu 886 waliotaka kuacha sigara: waliopewa vepu, 18 kati ya 100 walikuwa wameacha baada ya mwaka. Waliopewa viraka vya kubandika ngozini na bablishi za nikotini, 10.

Jasho la Mnyonge

Na kati ya hao 18 wangapi walikuwa bado wananyonya vepu mwaka ulipoisha? Wengi, asilimia 80. Mtu ametoka gereza moja akaingia lingine.

Mnyamwezi Asilia

La pili lina dirisha.

Boda wa Ntinda

Huku Uganda sheria ya 2015 ilipiga marufuku vepu na shisha vyote pamoja. Sigara? Ipo dukani, pakiti ina onyo. Yaani kilichothibitishwa kuua kinauzwa kihalali. Nimemaliza.

Mama Swaleh

Nawasoma tangu asubuhi na nyote mwazungumza habari za mvuta sigara. Mwanangu ana miaka kumi na mitano, yuko sekondari hapa Mombasa, hajawahi kushika sigara katika umri wake. Wiki jana nimekitoa kwenye soksi yake kitu kama kalamu ya kukoleza maandishi, rangi ya waridi, chanukia mithili ya peremende. Nikamuuliza. "Mama, ni flava tu, haina kitu." Sasa wewe wa Tabora, hiyo elimu yako ya "afadhali kuliko sigara" yamsaidia nini huyu? Yeye hana sigara ya kuiacha.

Mnyamwezi Asilia

Shikamoo mama. Haimsaidii, na nisingethubutu kumwambia. Afadhali ina maana kwa aliye ndani ya moto, si kwa aliyeko nje. Lakini naye usimtumie ile sauti ya shangazi. Akimwona rafiki yake anavuta mwaka mzima na hajageuka bisi, atakudharau na kwa yale ya kweli.

Nesi wa Zamu

Mama, kwa mwanao mimi naogopa mambo mawili kabla ya mapafu. La kwanza nikotini, ubongo wa umri ule unanasa haraka. La pili hatujui kilichomo. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Bath kilitoa matokeo ya vepu 596 zilizokamatwa kwa wanafunzi wa shule 38 za Uingereza. Moja katika kila sita ilikuwa na "spice", bangi bandia ya maabara. Watoto wengi wao waliamini wananunua kitu kingine. Na ile ni nchi yenye sheria: nikotini haizidi miligramu 20 kwa mililita. Hebu geuza hicho kikalamu, soma kilichoandikwa ubavuni.

Mama Swaleh

Nimevaa miwani. Pana picha ya embe. Pana maandishi ya Kichina. Nambari ya nikotini sioni popote. Chini kabisa kumeandikwa 9000.

Boda wa Ntinda

Hiyo 9000 ni idadi ya mikupuo ya kuvuta, mama.

Mama Swaleh

Elfu tisa?