Naomba ushauri: miaka nuru kwenda kilomita, kipeo kinatukwamisha

Habari zenu wakuu. Binti yangu anapenda sana nyota. Jana usiku tulikaa na daftari kupiga hesabu ya nyota ya Proxima Centauri, iliyo umbali wa miaka nuru 4.24. Mwaka nuru mmoja (umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka) ni kama kilomita 9.46 × 10¹². Tukazidisha, tukapata 40.1 × 10¹². Hapo sawa.

Shida ikaja kwenye kusogeza nukta. Yeye kaandika 4.01 × 10¹¹. Mimi nasema 10¹³, maana namba ya mbele ikigawanywa kwa kumi, kipeo (ile namba ndogo iliyo juu ya 10) lazima kipande. Hajaridhika: "Nukta imeenda kushoto, kwa nini kipeo kisipungue?"

Walimu, naombeni njia ya kumwelewesha, sitaki akariri tu. Na parseki (miaka nuru 3.26) nimwanzishie sasa au nisubiri?