Tunataka kufunga mazalia ya sato, mabaria hawataki. Naombeni ushauri

Mwanamwalo (Ukerewe)
Wakuu, habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa BMU (kikundi cha wananchi cha kusimamia uvuvi) kwenye mwalo mmoja, yaani ufukwe wa kushushia samaki, huku visiwani. Tuna kighuba kimezungukwa na matete, maji mafupi, ndiko sato wanakozaliana. Usiku watu wanaingiza kokoro humo, ule wavu wa kuburuta hadi ufukweni. Juzi tulikamata moja. Lilipovutwa ufukweni, sato majike walikuwa wanatema watoto mdomoni, vitoto kama punje za uwele vinarukaruka mchangani. Inauma sana.

Tumependekeza kighuba kifungwe miezi mitatu, kama wenzetu wa pwani wanavyofunga miamba ya pweza. Matajiri wengi, yaani wenye mitumbwi, wamekubali. Mabaria, wavuvi wanaowafanyia kazi, wamegoma: tajiri ana duka na bodaboda, wao watakula nini? Na wana hoja. Watu wa pwani, nyie mlifanyaje? Na kwa sato miezi mitatu inatosha?

Bintibahari (Kilwa)
Pole kaka. Cha kwanza waeleweshe kwamba mnafunga sehemu tu, ziwa lote liko wazi. Huku tunafunga baadhi ya miamba, mingine watu wanaendelea nayo. Pweza anakua haraka mno, umri wake wote ni mwaka na kidogo, kwa hiyo miezi mitatu tu tofauti unaiona kwenye mizani.

Kazi iko siku ya kufungua. Msipojipanga, wageni wanajaa na mwamba unamalizwa mara moja. Kijiji kikae kabla, kiamue nani anaingia na mnunuzi atalipa bei gani. Pweza chini ya nusu kilo haruhusiwi. Na fungueni maji ya bamvua, bahari inapokupwa sana, ili akina mama wanaochokoa kwa miguu nao wapate, wasichukue wazamiaji peke yao. Akina mama wakiachwa nje, msimu unaofuata hakuna atakayekubali kufunga.

Mzee_wa_Nyavu (Igombe)
Mdogo wangu, hilo kokoro limetoka mwalo wenu au wa jirani? Kama jirani hamjamwita kikaoni, mtakuwa mnamfugia yeye samaki. Halafu mafuta ya doria ananunua nani? Nimeona mazalia mengi yamewekewa maboya, mwezi wa kwanza doria ipo, wa pili injini haina petroli, wa tatu maboya yenyewe yameibwa.

Afisa_Mstaafu (Mwanza)
Shikamoo mzee, hapo umegonga penyewe. Niongeze upande wa samaki.

Sato si pweza. Dume anachimba kiota kwenye maji mafupi, jike anabeba mayai na watoto mdomoni, na wanazaliana karibu mwaka mzima. Kufika uzito wa kuuzika kunachukua miezi mingi. Mkifunga mitatu halafu mkafungua kwa pupa, mtavua wazazi wale wale mliowalinda. Ushauri wangu: kighuba kifungwe moja kwa moja, mvue nje yake kwa nyavu halali, maana wakikua wanatoka wenyewe. Kokoro limekatazwa tangu zamani, hilo halina mjadala.

Utaratibu: serikali ya kijiji inaandaa sheria ndogo, mkutano mkuu unaijadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Bila hapo, mkimkamata mtu atawashinda.

Na msisubiri hali iwe mbaya kabisa. Kule Newfoundland, Canada, walivua samaki anayeitwa kodi (cod) kwa meli kubwa mpaka mwaka 1992 serikali ikafunga uvuvi wake. Watu wapatao 30,000 walikosa kazi, na samaki hawakurudi kwa miongo. Kufunga kighuba kimoja mapema ni nafuu kwa baria kuliko yale.

Mwanamwalo (Ukerewe)
Asanteni sana wakuu. Nimeelewa, miezi mitatu naifuta. Ila baria bado nitamwambia nini?

Bintibahari (Kilwa)
Mpe kazi ya doria yeye mwenyewe, alipwe kutoka kwenye ushuru wa mwalo. Anawajua wenye makokoro kuliko nyie. Na kikaoni aongee kabla ya matajiri.

Mzee_wa_Nyavu (Igombe)
Hapo nakubali. Kikao kiitwe siku za mwezi mkubwa, watu wa dagaa wakiwa hawatoki, na mwalo wa jirani mwaandikie barua yenye muhuri wa kijiji.