Mlango wa tela la kulalia: plaiwudi, Alucobond au povu katikati?

TelaJipya:
Wakuu habari za jioni. Bodi ya tela langu la kulalia imesimama, bado mlango tu. Fundi anataka plaiwudi ya milimita 18 "kazi iishe", mimi naona nzito. Kuna anayenishauri Alucobond, zile bodi za alumini zenye plastiki katikati. Kipi bora? Na mpira wa kuzibia upi? Jumamosi nalipia vifaa.

Bawaba:
Mkuu, hapo hujasema kitu. Mlango una ukubwa gani? Uko ubavuni au nyuma? Gari gani linavuta, na njia zako ni lami au vumbi?

TelaJipya:
Sentimita 60 kwa 120, nyuma. Gari ni Noah. Niko Arusha, tunapenda kwenda Ziwa Natron.

MzeeRanda:
Nyuma, na Natron! Tela likikimbia, mgandamizo wa hewa nyuma yake unashuka, vumbi linavutwa ndani kupitia kila upenyo. Hamishia ubavuni kushoto, bawaba zikae upande wa mbele. Komeo likifyatuka njiani, upepo utausukuma mlango ujifunge badala ya kuung'oa.

Plaiwudi ya 18 kwa kipimo hicho inakaribia kilo 8. Piga fremu nyembamba ya mbao laini, jaza povu gumu la milimita 25, funika pande zote mbili kwa plaiwudi ya milimita 3. Itakuja kilo 5 hivi. Rangi ipake nje na ndani, ukipaka upande mmoja tu utapinda kama kaukau.

AluTu:
Mbao ni chakula cha mchwa. Alucobond ya milimita 4 ni kilo 5 na nusu kwa mita ya mraba, mvua haiijui.

MzeeRanda:
Bila fremu inayumba. Ukiongeza fremu ya chuma, ule wepesi umekwenda wapi?

MamaKambi:
Huo mlango wa povu tulitengenezewa Mto wa Mbu. Fundi akapaka gundi ya viatu kwenye lile povu jeupe la kufungia televisheni. Gundi ile inalila povu, na wewe huoni kwa sababu limeshafunikwa. Mlango ukapendeza, tukalipa. Tumepita Engaruka, barabara mawimbi matupu, plaiwudi ikaanza kuachia, ukigonga inalia debe. Mpira nao ulikuwa ile sponji ya kubandika madirishani, ulishalala bapa zamani. Kufika Engare Sero, kule Natron, godoro, unga, nguo za mtoto, vyote rangi moja. Baba watoto anakung'uta godoro gizani huku anamtetea fundi, eti barabara ndiyo mbovu! Tumieni gundi ya mbao au ya poliyurethani, muweke uzito juu hadi ikauke.

Bawaba:
Pole dada. TelaJipya, tafuta mpira wa mlango wa gari, ule wenye uwazi katikati, hata wa gari chakavu. Unahitaji mita 3.6 na ziada kidogo, maungio yakae chini. Komeo liwe la kubana, maana mpira usiobanwa hauzibi. Juu ya mlango weka kingo ya kumwagia maji pembeni. Na tundu la hewa juu, likitazama mbele, lenye chujio: ndani pakijaa hewa, vumbi halipati nafasi.

AluTu:
Mimi ningepaka silikoni kuzunguka fremu, biashara imekwisha.

MzeeRanda:
Silikoni haishiki rangi. Siku ukitaka kurekebisha utaikwangua hadi ulie.

GiaYaTatu:
Mnahangaika na kilo 3 za mlango, mtu anavuta kwa Noah! Ule mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu, gia boksi ya otomatiki itachemka.

TelaJipya:
Karatu siendi, nimesema Natron.

GiaYaTatu:
Leo. Mwakani je?

AluTu:
Noah ya shemeji yangu inavuta boti.

GiaYaTatu:
Kwenye lami ya Tanga.

TelaJipya:
Wakuu turudi mlangoni. Nimempigia fundi, kumbe tundu la nyuma ameshalikata. Anasema ubavuni kuna nguzo, hataki kuigusa.

MamaKambi:
Fundi wako hakuwahi kufanya kazi Mto wa Mbu?

Bawaba:
Weka picha ya hiyo nguzo. Halafu, tela lina breki?