Vocha ya vitabu ya shilingi 3,000: kamusi moja, au riwaya na tungo za kwetu?

Mkazi wa Langoni, Lamu

Assalamu alaykum. Nimetunukiwa vocha ya shilingi 3,000 ya duka moja la vitabu la Mombasa. Masharti yake ni kwamba itumike yote kwa mara moja, chenji hairudishwi, na gharama ya kuleta mzigo huku kwetu ni juu yangu. Nyumbani tunaosoma ni watatu: mama yangu, ambaye tendi amezisikia zikisomwa tangu utotoni lakini kitabu chenyewe hajakishika, binti yangu wa kidato cha tatu, mpenzi wa riwaya asiye na subira na ushairi, na mimi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu peke yake itakula zaidi ya nusu ya fedha hizo, na nikiiacha nitapata vitabu vitatu vya kawaida. Moyo wangu unavutwa na Utendi wa Mwana Kupona na Al-Inkishafi, kwa kuwa vimetungwa katika visiwa hivi hivi vyetu, ila nachelea kununua kitabu kitakachokaa kwenye kidaka cha ukutani kikila vumbi. Naomba ushauri wa waliovisoma.

Mwalimu mstaafu, Malindi

Wa alaykumu ssalam, dada. Kamusi iache. Sisemi hivyo kwa kuidharau, kwani toleo la tatu, lililotoka mwaka 2013, liko mezani kwangu kila siku. Lakini kamusi ni kitabu cha kutazamia, mtu hukifungua akapata alilotaka akakifunga, na bila shaka binti yako ataipata shuleni. Vocha ndogo ni heri iende kwa kitabu ambacho watu wa nyumba moja watakisoma pamoja, kisha wakirudie.

Katika tungo hizo mbili, anza na Mwana Kupona. Aliutunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia bintiye Mwana Hashima, kwa hiyo hata asiyezoea ushairi anajua tangu mwanzo ni nani anayesema, anamwambia nani, na kwa nini hana muda wa kupoteza. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane, yaani silabi nane; vitatu vya kwanza vina kina kimoja, yaani huishia kwa sauti moja, na cha nne hurudi kwenye kina kile kile hadi utendi uishe, ndiyo maana mama yako atauhifadhi kwa kusikia tu. Msomeeni kwa sauti.

Al-Inkishafi ni mzito zaidi, nao sikushauri uuache. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauonya moyo wake kwa kuutazamisha majumba ya kisiwa cha Pate yaliyogeuka magofu, na kwa kuwa umetaja kidaka, humo utakuta madaka yaliyopangwa sahani sasa yakilaliwa na makinda ya ndege. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa hilo. Jambo moja tu ulishike: usinunue chapa isiyo na maelezo ya maneno. Kiamu, lahaja ya Lamu, cha wakati ule kinatutatiza hata sisi wazee, na mtoto aliyefunzwa Kiswahili sanifu atakata tamaa kwenye ukurasa wa pili. Waombe wenye duka wakutumie picha ya ukurasa wa ndani kabla hujalipa.

Mama wa wanafunzi, Shela

Mwalimu wangu, kuhusu kamusi nakuunga mkono, lakini binti umemsahau. Ikiwa vitabu vyote ni vya ushairi, yeye atahesabu kwamba zawadi hiyo haikuwa yake. Dadangu, mnunulie Kuli ya Shafi Adam Shafi. Ni hadithi ya Rashidi na makuli wa bandari ya Unguja, inayofikia mgomo wa mwaka 1948, na lugha yake inakwenda mbio bila kumchosha msomaji. Akiimaliza, mtafutie Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, inayomhusu Yusuf, kijana anayetolewa kwa tajiri kwa sababu ya deni la baba yake. Ila pitia kwanza maktaba ya pale ngomeni uulize. Kitu cha kuazima usikitolee vocha.

Na kwa kuwa mzigo utashuka Mokowe, gati ya upande wa bara, kwa basi kisha upande boti, waambie wavifunge vitabu ndani ya nailoni, si karatasi peke yake.

Mkazi wa Langoni, Lamu

Ahsanteni sana, Mwalimu na dadangu. Nimeamua kuchukua Mwana Kupona, Al-Inkishafi na Kuli. Peponi nitaiulizia ngomeni. Picha za kurasa nimekwisha kuziomba. Ikiwa chapa ya Al-Inkishafi waliyo nayo haina maelezo, nitaibadilisha kwa riwaya ya pili, na huo utungo nitaungoja hadi ipatikane chapa ambayo mimi na binti yangu tutaweza kumsomea mama bila kukwama.