Naomba ushauri: binti yangu aende mafunzo kwa vitendo kabla ya chuo?

Habari zenu wakuu. Binti yangu amemaliza sekondari, anasubiri kuingia chuo kusomea famasia. Duka moja la dawa limekubali kumpokea kwa mafunzo kwa vitendo, bila malipo. Mimi naona ni nafasi nzuri. Atazoea kuwahi kazini, kuongea na mteja mgonjwa mwenye haraka, kupanga dawa rafuni ili zinazokaribia kuisha muda zitoke kwanza. Mambo hayo darasani unayasikia tu. Na akiona kazi yenyewe haimfai, bora ajue sasa kuliko akiwa mwaka wa tatu, ada imeshakwenda.

Baba yake anataka abaki nyumbani apitie kemia na baiolojia.

Hofu yangu kubwa ni asije akageuzwa mtu wa kufagia na kutumwa chai muda wote. Mliopitia hili, nimwombe nini mwenye duka kabla hajaanza? Ratiba ya maandishi? Msimamizi maalumu? Na ile barua ya kumpendekeza mwishoni, ina uzito kweli akija kuomba kazi? Nisaidieni jamani, wiki ijayo natakiwa kutoa jibu.